Unatunga hadithi ya mazimwi na watemi? Majina yako yapo Shinyanga na Geita

Mwandishi yuko Katoro, mkoani Geita. Bando limebaki la kutuma sehemu moja tu ya hadithi, na wasomaji wake kwenye kundi la WhatsApp wanamsubiri tangu jana. Shujaa wake anaitwa Alexander. Mchawi anaitwa Morgana. Joka ni Draco. Nje ya dirisha anapita Shija na ndoo ya maji, nyuma yake Kulwa anaita bodaboda, na redio ya jirani inapiga wimbo wa Kisukuma unaomtaja Ng'wanamalundi.

Majina yote aliyoyahitaji yamepita hapo nje, yeye yuko ndani anagugo "fantasy names".

Simlaumu, nami nimefanya hivyo. Ukianza kuandika hadithi ya fantasia, yaani ile yenye mazimwi, uchawi na nchi zisizokuwepo kwenye ramani, unadhani jina zito lazima lisikike kama la filamu ya Wazungu. Ila msomaji wa Kahama akisoma Draco anasoma sauti tupu. Akisoma Shija, tayari ameshajua kitu ambacho hujamwambia.

Makala hii ni ya mtu anayetunga akiwa na simu mkononi, na mifano mingi ni ya Kisukuma kwa sababu ndiyo lugha kubwa ya ukanda huu. Ukiwa na Kisumbwa, Kizinza, Kinyamwezi au Kiha, njia ni ileile, badilisha maneno tu.

Jina linalokuja na stori yake

Usukumani pacha huitwa Kulwa na Doto. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Mtoto anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija. Hilo wengi wanalijua hata nje ya Usukuma.

Sasa liangalie kwa jicho la mtunzi. Ukimwita shujaa wako Shija, umeshawaweka watu wawili zaidi ndani ya hadithi bila kuwataja. Msomaji atauliza: Kulwa na Doto wake wako wapi? Wamekufa? Wamechukuliwa na zimwi? Mmoja wao ndiye huyo mtemi katili wa upande wa pili? Unaweza kukaa kimya sehemu kumi nzima, na ukija kumleta Doto sehemu ya kumi na moja hakuna atakayesema umemtoa hewani. Jina lilishamwahidi msomaji.

Kashinje ni mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu. Mabula ni wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na wa kike ni Kabula. Nyanzala amebeba neno nzala, yaani njaa, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka wa ukame anaweza kutembea na mwaka huo maisha yake yote. Makoye ni matatizo. Mihayo ni maneno, mambo, yale yanayosemwasemwa. Magembe limetoka kwenye jembe. Bulugu ni vita.

Hebu fikiria ufalme ambao mvua haijanyesha miaka saba, halafu anaingia kijijini msichana mgeni na kusema anaitwa Kabula. Huna haja ya mganga wala unabii wa kurasa tatu. Wazee watamwangalia tu.

Kuna jambo jingine ambalo mtunzi wa Ulaya angelilipia hela. Kwa Wasukuma, kama ilivyo kwa makabila mengi ya jirani, majina hurudi. Mtoto hupewa jina la babu au bibi aliyetangulia. Na wazee husimulia habari za mtoto anayelia usiku kucha, dawa haisaidii, mpaka wazazi waende kwa mfumu, yaani mpiga ramli, na kuambiwa kuna mzee wa ukoo anayetaka jina lake. Akipewa jina, analala. Ukiamini au usipoamini ni juu yako. Kama kianzio cha hadithi, kipo tayari: mtoto amepewa jina la babu, lakini siyo babu huyo aliyekuwa analitaka.

Ng'wana, na majina ya vita

"Ng'wana" kwa Kisukuma ni mtoto, au mtoto wa fulani. Ukiliunganisha na jina unapata ukoo mzima ndani ya neno moja. Wa maarufu kuliko wote ni Ng'wanamalundi, ambaye wengine humwandika Mwanamalundi. Alikuwa mtu wa kweli, wa Kwimba, jina lake la kuzaliwa Igulu, alifariki mwaka 1936. Hilo la Malundi hufafanuliwa kuwa linatokana na miguu yake mirefu. Katika masimulizi alikuwa akiunyooshea mti kidole, unakauka hapohapo, na Wajerumani walipomkamata walishindwa kuelewa wamemkamata mtu wa namna gani.

Angalia lilivyojengwa. Jina la mtu mwenye nguvu kuliko wote katika masimulizi ya Kisukuma halitaji moto, radi wala simba. Linataja miguu. Ndiyo maana linaaminika, kwa sababu watu wa kweli hupewa majina kutokana na kile jirani alichokiona kwanza. Ukimpa mhusika wako jina linalotaja uwezo wake wote, umemmaliza sehemu ya kwanza.

Ila Ng'wanamalundi mwenyewe mwache. Ana ukoo, ana nyimbo, ana watu wanaomheshimu. Jifunze muundo wa jina, kisha tunga la kwako.

Ukisogea upande wa Unyamwezi utakuta jambo ambalo waandishi wengi hawalitumii, nalo ni kubadili jina katikati ya maisha. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, hakuzaliwa Mirambo. Alikuwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, na maana yake inayotajwa ni maiti. Mwenzake wa zama zilezile, aliyetawala kusini zaidi na kufariki mwaka huohuo, alijiita Nyungu ya Mawe, chungu cha mawe. Chungu ndicho chombo rahisi kuvunjika kuliko vyote jikoni, na yeye akajiita kile kisichovunjika. Nikikuta jina kama hilo kwenye hadithi ya kubuni ningesema mwandishi ana kipaji, kumbe ni historia.

Kwa hiyo usimpe mhusika jina moja la kudumu kama la kitambulisho cha NIDA. Mpe la kuzaliwa, analoitwa na mama yake. Mpe la vita. Kisha amua nani anaruhusiwa kumwita lipi. Siku adui atakapomwita lile la mama yake mbele ya jeshi, hutahitaji kueleza kwa nini ameshtuka.

Zimwi lenye sauti yake

Zimwi la Kisukuma linaitwa Shing'weng'we. Litamke kwa sauti. Linaanza kwa mluzi, halafu linameza: ng'we, ng'we. Katika hadithi hiyo ya kale lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Masala Kulangwa. Mtoto anakua, anauliza watu wako wapi, halafu anaanza kuwinda. Anaua panzi, anamuuliza mama kama ndilo hilo zimwi. Siyo. Anaua ndege, anauliza. Siyo. Anaendelea na wanyama wakubwa zaidi mpaka analipata lenyewe, analipasua tumbo, watu wanatoka.

Masala ni akili. Kulangwa ni kufundishwa. Shujaa wa Wasukuma hakuitwa Nguvu, wala Upanga. Ameitwa akili inayofundishika, na hadithi nzima ni hilo jina likifanya kazi: mtoto anakosea, anauliza, anarudi tena. Kuna kipande cha mwisho ambacho wasimulizi wengi wa siku hizi wanakiruka. Alipokuwa akipasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi alikasirika, akataka kumlipiza, na kijana ikabidi amtibu. Mkombozi anadaiwa sikio! Kwangu mimi hapo ndipo hadithi inapokuwa kubwa.

Kuwapa wahusika majina yenye maana ni mila ya zamani pia kwenye Kiswahili cha kuandikwa. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani. Anayeshtakiwa anaitwa Karama na anayemshtaki ni waziri anayeitwa Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hapotei. Hasara yake ni kwamba Hasidi hana nafasi ya kutubu, jina limeshamhukumu. Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, alikuja na ujanja mwingine mwaka 1995. Riwaya yake ni Walenisi. Lisome taratibu: wale ni sisi. Jina linalofunguka likitamkwa polepole ni zuri sana kwa msomaji wa simu, maana atarudi juu kulitazama tena.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka ng'ambo ya ziwa, Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe miaka ya 1940, na kwa Kiswahili ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mume na mke wanaohangaika kupata watoto, watoto wanapokuja wanaitwa Ntulanalwo na Bulihwali. La kwanza linasema mtu anaishi na kifo, la pili linauliza msiba utaisha lini. Yaani mzazi amemwekea mtoto swali badala ya jina. Ukitunga ufalme uliolaaniwa, huhitaji kuandika "ufalme ulikuwa na huzuni". Mwite binti wa mtemi kwa swali, halafu mwache aitwe hivyo kila siku akitumwa maji.

Kidogo tu kuhusu Hollywood. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ina simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki na fisi anaitwa Shenzi. Kwa mtoto wa Marekani ni majina ya ajabu ya mbali. Kwa mtoto wa Tinde ni kama kusoma riwaya ambayo paka anaitwa Paka. Wewe nawe ukichukua neno la Kisukuma kwenye orodha ya mtandaoni bila kuuliza, utawafanyia hivyohivyo watu wa Maswa. Usishangae mtemi wako mtukufu akichekwa na kijiji kizima.

Nchi, makundi na mashimo

Fungua ramani ya simu uangalie majina ya ukanda huu. Bukombe, Busiya, Bulyanhulu. Mwadui, Mwanhuzi. Nyarugusu, Nyang'hwale. Kuna muundo unaojirudia. Bu- mara nyingi huonyesha nchi au eneo. Mwa-, ambayo kwa Kisukuma cha ndani ni Ng'wa-, huashiria kwa fulani, kwa watu wa fulani. Sonda ni nyota, kwa hiyo nchi ya nyota ukiiita Busonda itasikika kama mahali ambapo basi linaweza kusimama. Litafute kwanza kwenye ramani, maana huenda kijiji kipo na wenyewe wana simu.

Makundi nayo yana kanuni. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Waanzilishi wanaotajwa ni Ngika na Gumha. Bagika ni watu wa Ngika, mwanzilishi amegeuka kuwa jina la kundi. Kuna Bayeye, wanaocheza na nyoka, na Bununguli, wawindaji wa nungunungu. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utaona vitu vyao. Vyama vya siri vya hadithi yako vinaweza kujengwa hivyohivyo: chukua jina la mtu mmoja aliyekufa zamani, weka Ba- mbele.

Halafu kuna machimbo, na hapa ndipo Geita inawashinda wote. Lugha ya wachimbaji wadogo ni fantasia tupu. Shimo linaitwa duara. Nguzo za miti zinazoshikilia kuta zake ni timba. Mahali pa kuoshea ni mwalo. Mashine ya kusaga mawe ni karasha. Kukimbilia eneo lililotoka dhahabu jana usiku ni rashi. Mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja ukawekwa pembeni unaitwa marudio, na watu hununua marudio kwa sababu dhahabu bado imo.

Mhusika anayeitwa Marudio. Alitupwa, alionekana amekwisha, lakini bado imo. Nakupa bure.

Tena kwenye machimbo watu hawaulizani sana jina la cheti. Mtu anaitwa kwa mkoa aliotoka, kwa kitu alichowahi kufanya, kwa simu aliyokuwa nayo. Amekuja Mha, Mkurya, Mhaya, Msukuma, wote duara moja. Kama hadithi yako ina mji wa wachimbaji, usiwape wote majina ya kabila moja, itaonekana kijiji cha maigizo.

Majina ya waovu: hapa tulia kidogo

Miaka michache iliyopita nilimpa mchawi wa hadithi yangu jina la bibi mmoja niliyemfahamu utotoni, kijijini upande wa Kahama. Niliona jina limekaa vizuri, zito, la kizamani. Nikamwandika kama nilivyomkumbuka: mweusi, amekonda, macho mekundu, anaishi peke yake. Nikatuma. Jioni binamu yangu akanipigia, wala hakunisalimia. "Unajua yule bibi bado yupo hai? Na kundi hilo wajukuu zake wamo?"

Nilifuta. Ila kwenye simu za watu wengine haikufutika.

Kama hukukulia huku unaweza kuona ni jambo dogo. Siyo dogo. Kwa miongo kadhaa Shinyanga na mikoa jirani imekuwa na mauaji ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yanatokana na moshi wa kupikia miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inamgusa hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Hadithi yako siyo mashtaka, najua. Lakini jina la kweli, kijiji cha kweli na macho mekundu vikikaa kwenye aya moja, ikatumwa mara mia mbili, nani atasoma neno "hadithi" lililo juu?

La pili ni watu wenye ualbino. Kati ya mwaka 2007 na 2008 mauaji yao yaliitikisa Kanda ya Ziwa, yakihusishwa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata dhahabu kwenye duara. Watoto walihamishwa majumbani, wengi wakapelekwa kulelewa shuleni Buhangija, Shinyanga. Mwezi Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na vibali. Sasa ukimpa kiumbe wako mweupe anayepotea bila kufa jina la "zeruzeru", umerudisha ile imani yenyewe, kwamba hawa siyo watu na hawafi. Usifanye. Wala usimpe mhusika mwenye ualbino jina la dhahabu, la bahati au la mzimu. Mwite Mabula, kama alizaliwa mvua inanyesha.

Mwovu apewe jina la kutunga kabisa, au jina la tabia kama alivyofanya Shaaban Robert, au jina la kitu. Zebaki, kwa mfano. Inang'aa, wachimbaji wanaishika kwa mikono mitupu, inakamata dhahabu yote, na inamwua mtu polepole bila yeye kujua. Malkia Zebaki. Hakuna bibi yeyote wa Kishapu atakayepigiwa simu kwa sababu yake.

Mambo ya simu

Majina mengi ya kiume ya Kisukuma yanaanza na Ma-: Masanja, Masunga, Masalu, Mabula, Maduhu, Makoye. Ni mazuri, ila ukiyaweka matatu kwenye sehemu moja, msomaji anayesogeza kioo kwa kidole gumba ndani ya daladala atawachanganya. Chukua Masanja mmoja. Wengine waanze na herufi tofauti: Shija, Doto, Nyanzala, Kashinje, Bulugu.

Alama ya ng' ni shida nyingine. Simu moja inaweka alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na kamusi ya simu inaweza kuamua kwamba Ng'wana ni kosa ikaandika ngwana. Msomaji akitafuta jina la shujaa wako kwenye kundi hampati. Chagua namna moja, liongeze jina kwenye kamusi ya simu yako, basi. Ila usiiondoe alama kwa uvivu, maana ng'ombe na ngombe siyo sauti moja, na Msukuma atajua kwamba hujamsikiliza.

Halafu kuna L na R. Kisukuma kinapenda L. Utakuta Rwamgasa kwenye kibao kimoja na Lwamgasa kwenye kingine, mahali palepale. Ukitunga jina la Kisukuma lenye R tatu litasikika kama la mtu aliyetoka mbali, na pengine ndicho unachotaka kwa mgeni wako wa ajabu.

Kabla hujatuma sehemu ya kwanza, mpigie mtu mmoja mzima anayezungumza Kisukuma nyumbani, shangazi au bibi, umsalimie vizuri, halafu umsomee majina peke yake bila hadithi. Akinyamaza kwenye jina fulani, muulize kwa nini. Akicheka, muulize amecheka lipi.